Sura ya Tisa: Moto Usiotaka Sauti

Penye moto wa kuchomea vyungu hapapazwi sauti. Hilo pale Sichomovi, kijiji cha Wahopi juu ya mwamba, analijua hata mtoto anayetambaa. Chungu kikiwa motoni kina roho yake, na roho hiyo haina simile: ikisikia mtu anasema kwa nguvu inataka kumjibu, na kwa kuwa chungu hakina mdomo, jibu lake ni kupasuka. Ndiyo maana wanawake wa juu ya ule mwamba huchoma vyungu alfajiri, kabla upepo haujaamka na kabla majirani hawajaanza kuitana, na wakiwa na neno la kuambiana hunong'ona kama wezi walioingia ghalani.

Asubuhi ile Nuvasi aliishukuru desturi hiyo. Lau angeruhusiwa kusema kwa sauti, angepiga ukunga wa kuamsha kijiji kizima.

Alikuwa amechuchumaa kando ya moto, blanketi mabegani, akitazama moshi wa samadi ya kondoo ukipanda moja kwa moja juu. Moto ulikuwa mzuri. Mabamba ya samadi kavu yalikuwa yameshika pande zote, na chini yake, vikiwa vimefunikwa kwa vigae vya vyungu vya zamani, vililala vyombo kumi na kimoja: mabakuli sita, vikombe vinne, na katikati mtungi mkubwa ambao yeye na mama yake waliufinyanga mwezi mzima. Mama yake, Sakwamana, alikuwa ameuchora mwenyewe kwa ujiti wa mmea wa yuka aliotafuna ncha, pua ikikaribia kugusa udongo, maana mtoto wa jicho alikuwa ameshamfunga jicho moja na sasa alikuwa anaanza la pili. Wote wawili walijua kwamba mtungi mwingine wa namna ile Sakwamana hatauchora tena. Hawakuwahi kulitaja jambo hilo.

Lakini la mtungi silo lililomfanya Nuvasi atake kupiga ukunga. Ni maneno aliyoambiwa na mama yake kabla jua halijatoka, walipokuwa wakipanga samadi. Sakwamana aliyasema huku mikono ikiendelea na kazi, kama mtu anayetaja vitu vya kununua dukani.

"Lile bakuli la mama yake alilokuja nalo kijana wako jana limefinyangwa na Kuwanim. Kuwanim ni binti wa mama yangu mdogo, tumelelewa nyumba moja. Basi kijana wako ni wa Tumbaku, kama mimi na wewe. Nisogezee hilo bamba."

Nuvasi alilisogeza. Mikono yake ilifanya hivyo kwa mazoea tu, kwa sababu akili ilikuwa imesimama. Watu wawili wa ukoo wa Tumbaku ni ndugu, hata kama wamezaliwa mbali na hawajawahi kuonana. Kuoana kwao ni jambo ambalo wazee hawalitaji mbele ya watoto. Naye Nuvasi alikuwa ameshasaga mahindi meupe majuma mawili, magoti yamechubuka kwa kupiga magoti mbele ya jiwe, ili apate unga wa kupeleka kwa bibi aliyemlea Tawayesva, mchumba wake, apokewe kule kama bibi harusi. Unga ulikuwa ndani, umejaa beseni, umefunikwa kwa kitambaa.

Sakwamana aliwasha moto, akaunyunyizia unga kidogo na kuuombea, kisha akaingia ndani kutazama chakula. Nuvasi akabaki peke yake na moshi wake.

Ndipo aliposikia viatu vya buti vikipanda njia ya mawe. Moyo wake, ambao ulikuwa haujapata habari, uliruka kama kawaida yake.

Tawayesva alitokeza kofia kwanza, halafu meno. Alikuwa kijana mrefu mwenye mabega ya mtu anayebeba vyuma vya reli kule Winslow, umri wake miaka ishirini na sita, na kovu la kuungua mgongoni mwa mkono wa kulia. Usiku ule alikuwa amelala ndani ya pikapu yake kule chini Polacca, na bado alikuwa na alama ya kiti shavuni. Nuvasi alimpenda hata alama ile.

"Mama mkwe yuko wapi?" aliuliza.

"Nong'ona."

"Si nanong'ona! Siku hizi hata kazini nanong'ona. Msimamizi anadhani naumwa koo."

Siku nyingine angecheka mpaka afunike uso kwa blanketi. Leo alitazama chini. Tawayesva hakuona. Alichuchumaa karibu naye, karibu kuliko inavyostahili mbele za watu, akanyoosha viganja motoni.

"Jana hakunipa hata maji ya kunywa," alinong'ona. "Nimekaa mle ndani nusu saa, nimempa bakuli la marehemu mama yangu, kitu changu cha pekee duniani, akaligeuza, akaliweka chini, akatazama ukuta. Hakuna mkate wa piki, hakuna kahawa, hata 'karibu tena' hakuna. Nimewaza, lo, akufukuzaye hakwambii toka. Lakini mimi ni kichwa ngumu. Nimerudi."

"Tawa."

"Nitarudi mpaka achoke. Utaona. Mwaka kesho ananiita kwa jina."

"Tawa, wewe ni wa ukoo gani?"

Alimgeukia akicheka kimya kimya. "Leo unaniuliza? Baada ya miaka miwili? Wa Jua, mama. Wa Jua tangu nimezaliwa."

"Nani alikwambia?"

"Kwani hayo mtu anaambiwa? Bibi yangu kila siku alikuwa ananishika kichwa hivi, anasema, wewe ni mtoto wa Jua, usisahau."

"Mtoto wa Jua," alirudia Nuvasi polepole. "Hakusema wewe ni wa Jua. Alisema mtoto wa Jua."

"Kuna tofauti gani?"

Maskini, hakujua. Tofauti hiyo mtoto aliyekulia juu ya mwamba anaijua kabla hajaota meno ya pili. Mtu ni wa ukoo wa mama yake. Kwa ukoo wa baba yake yeye ni mtoto wao tu, wanampenda, wanamtania, lakini si wao. Bibi yule, aliyekuwa mama wa baba yake, hakusema uongo hata mara moja. Ila Tawayesva alikulia kwenye nyumba za reli kule Winslow, ambako watoto huokota Kihopi vipande vipande huku wakicheza mpira, na masikio yake yalichukua neno moja mahali pa jingine. Akajiita wa Jua kwa kila aliyemuuliza, na kila aliyemuuliza akamwamini, kwa sababu ni nani asiyejua ukoo wake mwenyewe?

"Jina lako alikupa nani?" Nuvasi aliuliza tena.

"Shangazi zangu."

"Dada za baba yako. Wa ukoo wa Jua. Wakakupa jina la Jua."

"Ndiyo, si ndivyo inavyo..."

Jambo hilo, angalau, alilijua. Shangazi wa upande wa baba ndio wanaompa mtoto jina, nao hulitoa kwenye ukoo wao, si kwenye ukoo wa mtoto. Nuvasi mwenyewe alikuwa na jina la theluji kwa sababu baba yake alikuwa wa Mawingu. Mtu aliye wa Jua kwa mama hawezi kuitwa Tawayesva. Miaka ishirini na sita jina lake lilikuwa likimwambia ukweli kila alipoitwa, naye anaitika tu.

"Umewahi kuligeuza lile bakuli?" alinong'ona Nuvasi. Sasa machozi yalikuwa yanateremka na hakuyafuta. "Ukatazama chini yake?"

"Kuna jani dogo limechorwa. Nilidhani pambo."

"Jani la tumbaku, Tawa. Ile ni sahihi. Hata mimi naweka hilo hilo. Mama yako alikuwa Kuwanim wa nyumba hii. Alikuwa mdogo wake mama."

Bamba moja la samadi lilianguka ndani ya moto na cheche zikaruka. Wote wawili walizitazama mpaka zikazimika. Tawayesva alivua kofia, akaivaa, akaivua tena.

"Bibi alijua," alisema mwishowe.

"Alijua. Huku ilifika habari kwamba mama yako alifia uzazini na mtoto naye akafa. Bibi yako aliiacha iwe hivyo. Angesema uko hai, mama na wajomba wangekuja kukuchukua siku hiyo hiyo, kwa sababu mtoto ni wetu. Alikupenda, akakuficha."

"Kwa hiyo mimi na wewe..."

"Usilitaje."

"Kule chini kwenye mipichi, mwezi wa nane..."

"Tawa, nakuomba, usilitaje!"

Lilimtoka kwa ukali kupita mnong'ono, naye akajifunika mdomo kwa mkono na kuutazama moto kwa hofu. Moto ukaendelea kufuka bila neno.

Kisha Tawayesva akamshika mkono. Ulikuwa mkono ule wenye kovu, ambao Nuvasi alikuwa akiubusu kila walipoagana. Mkono wa kaka yangu, aliwaza Nuvasi, na wazo hilo lilimchoma, lakini mkono wake hakuutoa.

"Nisikilize," alinong'ona Tawayesva, mdomo karibu na sikio lake. "Pikapu iko chini, tangi limejaa. Tukishuka saa hii, saa nne tuko Winslow. Kesho tunaweza kuwa Barstow, mbali kabisa, reli ina kazi kila mahali. Reli haiulizi ukoo. Kule mimi ni mwanamume na wewe ni mwanamke, basi."

"Na hapa?"

"Hapa watasema. Wacha waseme! Mdomo ni nyumba ya maneno. Watasema mwaka mmoja, watachoka."

"Hawatachoka. Na mama je? Hakuna atakayekuja kukaa naye. Jicho lenyewe limebaki moja."

"Nitamtumia chochote anachotaka. Nuvasi, mimi nimekosa nini? Nilikuwa na siku mbili duniani ndipo wakaanza kunificha. Sina mama, sina ndugu, sina mtu wa kumwaibisha. Nina wewe tu. Sasa hata wewe nikurudishe kwa sababu ya jani lililochorwa chini ya bakuli?"

Swali hilo lilimpata pabaya. Alikuwa na majibu mengi ya kumpa, yote ya kweli. Udongo wa kijivu anaouchimba kule bondeni, ambao ukichomwa hugeuka rangi ya pichi bivu, haupatikani Barstow. Nyumba ile itakuwa yake siku moja, kwa sababu nyumba ni za wanawake. Wasichana wadogo wanaomwita dada, akienda naye wataambiwa wasimtaje tena. Lakini alimtazama usoni, akaona yale macho ambayo yamekuwa yakimwangalia miaka miwili kana kwamba yeye ndiye mlango wa kuingilia duniani, na majibu yote yakamponyoka. Kipenda roho hula nyama mbichi.

"Mama yako akikulaani?" alinong'ona Tawayesva, sasa kwa woga, maana alikuwa ameanza kuona kwamba huenda akashinda.

"Mama halaani. Atatazama ukuta."

"Basi twende."

"Siwezi kuacha vyungu motoni."

"Nuvasi!"

"Ule mtungi ni wa mwisho wake. Samadi ikiisha kuanguka mtu lazima avitoe taratibu, upepo usivipige, na yeye haoni. Ngoja moto ushuke. Nikishautoa ule mtungi na kuuweka mikononi mwake, nakufuata. Sichukui hata shali."

"Unaniahidi?"

"Nimeshasema."

Naye alikuwa amesema kwa moyo wake wote, wala usimtilie shaka. Hapo ndipo ninapomwonea uchungu hadi leo. Angeshuka dakika ile ile, aache vyungu viungue vinavyotaka, labda wangekuwa wamezeeka pamoja kwenye nyumba ya mbao kando ya reli, wenye aibu lakini wawili. Alichoomba ni saa moja tu, kwa ajili ya mtungi. Tawayesva aliubusu mkono wake kwa haraka kwenye kiganja palipokauka udongo, akauachia.

Mlango ulifunguliwa.

Sakwamana alitoka akiwa amevaa shali yake nyeusi ya sikukuu, ile ambayo huivaa mara mbili kwa mwaka. Alikuja polepole akipapasa ardhi kwa miguu, na mikononi alibeba bakuli linalofuka moshi. Nuvasi alilitambua mara moja. Lilikuwa lile lile la jana, la Kuwanim, limejazwa supu ya nyama ya kondoo na mahindi, na ukingoni zimewekwa piki mbili za bluu, zimekunjwa vizuri, nyembamba kiasi cha kupeperuka.

Nuvasi aliinuka. Alidhani mama anakuja kufukuza watu, akajiandaa kwa hilo. Alikuwa na maneno ya kujibu, ya kunong'ona lakini makali.

Sakwamana alisimama hatua mbili kutoka motoni. Alifumba jicho lake zima, akalifumbua, akamtazama kijana. Kisha yule mwanamke, ambaye kwa miaka arobaini alikuwa hajawahi kukohoa penye vyungu, akasema kwa sauti kamili, ile ya kuitia mtu kutoka shambani:

"Mwanangu! Njoo ule!"

Ndani ya moto kitu kiliitika: ta! Sauti ilikuwa fupi na kavu. Wote watatu waliifahamu, maana hakuna sauti nyingine duniani inayofanana nayo.

"Mama," alinong'ona Nuvasi. "Mama, vyungu!"

"Nimesikia."

"Mtungi wako!"

"Nimesikia, Nuvasi. Mimi kipofu, si kiziwi." Hakushusha sauti hata kidogo. "Neno la kunong'ona mtu anaweza kudai hakulisikia. Hili nataka lisikike mpaka Polacca. Kijana, wewe ni mwana wa Kuwanim?"

Tawayesva alikuwa amesimama, kofia mkononi. "Wanasema hivyo, mama," alijibu, na 'mama' hilo lilikuwa la heshima tu, kama anavyoambiwa mama yeyote.

"Sogea nikuone. Karibu zaidi. Sikung'ati."

Alisogea. Sakwamana alimkabidhi bakuli, akaweka mikono yake yenye harufu ya samadi juu ya uso wa kijana, akaupapasa kama anavyopapasa ukuta wa chungu kibichi kutafuta palipo pazito na palipo pembamba. Alishika paji, akashika mashavu, akafika kidevuni, akakishikilia.

"Kidevu," alisema. "Kidevu chake kile kile cha ubishi. Jana sikukupa chakula, mwanangu, unisamehe. Nimeshika lile bakuli, nikautambua mkono wa mama yako. Ningeinuka ningeanguka. Kuwanim alilifinyanga hilo akiwa amekaa kulia kwangu, tunagombania jiwe la kung'arishia. Lina kidole chake hapo pembeni, ukipapasa utakisikia."

Tawayesva alipapasa. Nuvasi alimwona anavyokitafuta, anakosa, anatafuta tena, halafu uso wake unabadilika.

"Kipo," alisema. Hakunong'ona.

Ta! ilijibu kutoka motoni, na ta! nyingine juu yake.

"Waliniambia umekufa naye," Sakwamana aliendelea. "Niliosha nywele, nikakaa siku nne, nikawaombolezea wawili. Kila mwaka, mvua za kwanza zikija, nilikuwa nikisema, angekuwa na miaka mitano sasa. Angekuwa na kumi. Mwaka huu nilisema ishirini na sita."

"Alikuwaje?" aliuliza Tawayesva. "Bibi hataki hata kumtaja. Sina picha. Alikuwa mtu wa namna gani?"

"Mwenye makelele! Hapa motoni tulikuwa tunamfukuza, hawezi kunong'ona dakika mbili. Alikuwa akicheka anafunika mdomo, kwa sababu ya jino hili limekaa upande." Aligusa mdomo wa kijana. "Unalo?"

"Ninalo."

"Basi."

Nuvasi alikuwa amesimama upande wa pili wa moshi. Alitaka Tawayesva amtazame. Hakutaka zaidi ya hilo. Amtazame mara moja kama alivyomtazama robo saa iliyopita, naye angeruka moto ule, amshike mkono, na washuke mbio bila mtungi na bila shali. Alisema jina lake polepole, kwa mazoea ya kunong'ona. Sauti haikufika, au ilifika ikakuta masikio yana mtu mwingine.

Mwanamume yule alikuwa amepiga magoti. Mabega yale ya kubebea vyuma yalikuwa yanatikisika. Alichovya piki katika supu, akala, akachovya tena, machozi yanadondokea mle mle ndani, anakula kama mtu aliyefungiwa njaa tangu siku aliyozaliwa, na Sakwamana amesimama juu yake, mkono mmoja kichwani mwake.

Sina mama, alikuwa amesema. Sina mtu wa kumwaibisha. Nuvasi aliyakumbuka maneno hayo moja moja, na akaelewa kwamba ahadi yake yote ilikuwa imejengwa juu yake, na kwamba mama yake, bila kumgombeza wala kumzuia mlangoni, alikuwa amekuja na bakuli la supu akaing'oa msingi.

Alimchukia mama yake dakika ile. Alimchukia kwa kweli, na papo hapo alimwona alivyozeeka, alivyovaa shali ya sikukuu kwa ajili ya mtoto wa mdogo wake, na chuki ikakosa pa kukaa.

Tawayesva aliweka bakuli chini. Ndipo alipoinua macho, akamtazama Nuvasi. Alimtazama kwa muda mrefu, na yale aliyokuwa nayo usoni hayakuwa ya mtu aliyeacha kupenda, laiti yangekuwa hivyo. Yalikuwa ya mtu anayeomba radhi kwa jambo ambalo ameshaliamua.

"Mama," alisema, bila kumwondolea Nuvasi macho. Safari hii halikuwa la heshima tu.

"Naam, mwanangu."

"Nimeshiba."

Nuvasi aligeuka. Aliuchukua ule mti mrefu wa kutolea vyungu, ingawa moto ulikuwa haujashuka na samadi bado ilikuwa nyekundu, akaanza kufukua. Alitaka mtungi. Hakujua kwa nini anautaka. Alijua tu kwamba ni yeye aliyeomba ungojewe. Alivuta kigae kimoja, akavuta cha pili, moshi ukampiga usoni, naye akazidi kuinama. Mtungi ulikuwa pale. Ulikuwa umepata rangi nzuri kuliko mingine yote aliyowahi kuiona, rangi ya pichi yenye wingu jekundu shingoni, na michoro ya mama yake imesimama myeusi, haijatetereka hata mstari mmoja. Ulikuwa umepasuka kutoka mdomoni hadi kitakoni. Aliusukumia ule mti chini yake hata hivyo, akasogea hatua moja ndani ya majivu, pindo la gauni likaanza kutoa moshi.

Alisikia buti nyuma yake. Mkono ulimshika begani, ule wenye kovu, ukamvuta nyuma kwa nguvu lakini bila ukali, halafu ukatoka begani haraka, kama unavyotoka kwenye kitu kisicho chako. Tawayesva alimnyang'anya mti. Alijiweka yeye kati ya Nuvasi na moto.

"Dada," alisema, kwa sauti ya kawaida ambayo mtu hutumia nyumbani kwao. "Sogea huko, utaungua."

Nuvasi akasogea.